Oshibana: jinsi ya kubana maua mpaka yawe picha

Waridi langu la kwanza nililibana ndani ya kamusi mwezi wa Aprili, masika yamekolea, nikalisahau wiki mbili. Nilipofungua nilikuta doa la kahawia lililoota kuvu la kijivu, na kurasa tatu za herufi M zimegandana. Kamusi yenyewe ilikuwa ya kuazima. Kosa halikuwa kutumia kitabu. Nilidhani kazi ni kulilaza ua liwe bapa, kumbe kazi ni kulitoa maji kabla halijawahi kuoza.

Wajapani huiita sanaa hii oshibana. "Oshi" inatokana na kitenzi osu, yaani kusukuma au kukandamiza, na "hana" ni ua. Maneno hayo mawili yakiungana, h ya hana hugeuka b. Mswahili akilisikia neno hili huona ameshaelewa, maana kubana kumo humo ndani. Ni bahati tu: hiyo "bana" ndiyo ua, na kubana kwenyewe kuko kwenye "oshi".

Kuhifadhi ua la kumbukumbu ndani ya kitabu hufanywa dunia nzima. Mtu wa oshibana huenda mbali zaidi: petali kwake ni rangi. Hulivunja ua vipande vipande, akakikausha kila kipande peke yake, kisha akaunda upya ua lile lile, au mlima, au mto, au ndege. Ganda la mti huwa mwamba, jani lililopauka huwa ukungu wa asubuhi. Husimuliwa kwamba samurai walijifunza kazi hii ili wapate subira na utulivu wa mkono. Inawezekana imetiwa chumvi, lakini aliyewahi kubandika petali ya milimita nne bila kupumua hataibishia.

Kwa nini ua hubadilika rangi

Tuanzie hapa, kwa sababu ukielewa jambo hili hatua nyingine zote utazikisia mwenyewe.

Ua bichi kwa sehemu kubwa ni maji. Likishachumwa, seli zake huanza kufa, na vimeng'enya vilivyomo hukutana na oksijeni na kutengeneza rangi ya kahawia. Ni mambo yale yale ya parachichi au ndizi iliyokatwa ikaachwa mezani. Vimeng'enya hivyo vinahitaji maji ili vifanye kazi, kwa hiyo maji yakitoka upesi rangi inapona, na yakichelewa unapata doa langu la herufi M. Ndiyo maana mafundi wa Japani wa leo hutafuta kukausha kwa siku tatu au nne, wala si wiki tatu.

Rangi nazo hazifanani kwa ukaidi. Njano na chungwa hutokana na karotenoidi, jamii ya rangi iliyomo kwenye karoti, na hudumu vizuri. Nyekundu, zambarau na buluu mara nyingi ni antosianini, na hizo hugeuka kufuatana na uchachu uliopo. Umeshaona juisi ya rozela, wengine huiita choya, inavyozidi kuwa nyekundu ukiikamulia ndimu? Hiyo ni antosianini. Petali nyekundu ikikaushwa bila matunzo huelekea kwenye zambarau iliyoiva au hata weusi, kwa hiyo Wajapani huipa asidi kidogo kabla ya kuibana. Nyumbani ndimu ya unga inatosha: kijiko kimoja cha chai kwenye nusu kikombe cha maji, paka mgongo wa petali kwa brashi laini, futa majimaji kwa tishu, kisha bana. Jaribu kwanza na petali moja, maana kuna mawaridi yanayokubali na mengine hayataki.

Nyeupe ndiyo ya kuogopwa. Petali nyeupe huonekana nyeupe kwa sababu ya hewa iliyomo katikati ya seli zake. Ukiikandamiza huwa kama karatasi iliyoingia mafuta, halafu huanza kuwa kahawia. Sakura, ua la mcheri ambalo kila mtu hulitaja akitaja Japani, limo kwenye kundi hili la wagumu.

Maua ya kuanzia

Tafuta petali nyembamba, ua lisilo na kiini kinene, lisilo na utomvu. Kwa Wajapani wanaoanza, pansi na kosmosi ndio walimu wa kwanza. Haidrenjia, wao huiita ajisai, ni kipenzi cha wengi: buluu yake hudumu, na kichwa kimoja hukupa vipande vingi sana. Huchanua Juni, katikati ya msimu wa mvua uitwao tsuyu, wakati hewa ya Japani inanata kama ya Tanga mwezi wa Aprili. Kwa hiyo wamelazimika kuzijua mbinu za kupigana na unyevu, na mtu wa pwani yetu anaweza kuziazima moja kwa moja.

Kama huna haidrenjia, una bogenvilia ukutani kwa jirani. Sehemu yenye rangi si petali bali ni jani lililobadilika. Ua lenyewe ni kile kijiti cheupe cha katikati. Jani hilo limekaribia kuwa karatasi tangu likiwa mtini, na hukauka bila ugomvi. Kwa maua madogo madogo ya kujazia, acha giligilani zako zichanue: hutoa miavuli ya maua inayofanana kabisa na maua ya lesi wanayoyatumia Wajapani. Majani ya karoti na kangaga changa hukamilisha.

Haibiskasi nisingekushauri. Petali yake ina ute, ikikauka inashikana na karatasi na kuchanika ukiivuta. Asumini iachie kikuba. Ukiibana inageuka rangi ya chai ya maziwa siku ya pili. Mimea minene kama mshubiri isahau kabisa.

Chuma kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, umande umekauka na jua halijawa kali. Kama usiku mvua ilinyesha, subiri. Chagua ua lililofunguka jana au leo, lisilo na alama ya mdudu, maana kila dosari itaonekana mara mbili likishakauka. Na kwenye bustani za watu, okota yaliyoanguka. Hata Japani kwenyewe, msimu wa sakura, kuvunja tawi bustanini ni aibu.

Kulipasua ua

Hapa wengi huruka, halafu wanashangaa kwa nini ua lao lina kahawia katikati na rangi pembeni. Unene usiolingana maana yake ni ukavu usiolingana.

Chukua pansi. Ligeuze, uone kile kikombe cha kijani nyuma pamoja na kijimkia kinachojitokeza. Kwa mkasi mdogo wa kucha, kata kikonyo karibu kabisa na ua, punguza kikombe na kimkia, kisha lilaze kifudifudi na ulikandamize kidogo kwa kidole gumba katikati. Kikonyo kibane peke yake, kikiwa kimepinda namna unayotaka kipinde kwenye picha, kwani kikishakauka hakirudi nyuma.

Waridi huvunjwa lote. Petali moja moja, ukizipanga kwa ukubwa: za nje, za kati, za ndani. Tumba lake lipasue katikati kwa wembe kwa urefu, utoe uchafu wa ndani kwa ncha ya kibano, na kila nusu itakuwa tumba kamili ukiliona kwa mbele. Kosmosi acha lizima lakini punguza kiini cha njano kwa nyuma. Haidrenjia litenganishe kichwa chote, ukate kila kiua kwenye shingo.

Kubana

Kibanio chenyewe kinatengenezwa na fundi seremala yeyote: vipande viwili vya plaiwudi vya sentimita 25 kwa 30, tundu kwenye kila pembe, bolti nne na nati za masikio. Ukikosa, plaiwudi mbili na matofali mawili juu yake.

Utahitaji pia kadibodi za maboksi zilizokatwa kwa kipimo hicho hicho, magazeti, na tishu laini zisizo na nakshi. Hili la nakshi nalisisitiza. Niliwahi kutumia karatasi za jikoni zenye vidutuduu, na kila petali ikatoka na vidutuduu vyake.

1. Weka plaiwudi, juu yake kadibodi, kisha kurasa nne au tano za gazeti, kisha tishu.
2. Panga maua yasigusane. Maua ya unene mmoja yakae safu moja. Pansi na kikonyo cha waridi visichanganywe, kwa sababu kinene kitamnyima chembamba mkandamizo.
3. Funika kwa tishu, magazeti, kadibodi. Rudia safu nyingine, zisizidi tano.
4. Kaza nati, lakini si kwa nguvu zote siku ya kwanza. Ua lililojaa maji likibanwa mno hupasuka, na juisi ikitoka rangi imetoka.
5. Baada ya saa 24 fungua, badilisha magazeti na kadibodi bila kuyagusa maua (yahamishe pamoja na tishu zake), kisha kaza zaidi. Fanya hivyo kila siku.

Kwa njia hii, mahali pakavu, petali nyembamba huchukua wiki moja au mbili. Pwani wakati wa masika haitoshi, na hapo ndipo inapoingia silika.

Ni zile punje zinazokuja kwenye vipakiti ndani ya maboksi ya viatu na mikoba. Kusanya, au nunua zile zinazobadilika rangi zikishiba maji. Kibanio chako kikishakazwa, kiweke ndani ya ndoo au kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana sawasawa, mwaga silika pembeni yake ndani ya soksi nyembamba, funga. Hewa ya ndani inakuwa kavu kama jangwa na karatasi zinaendelea kunyonya. Siku tatu hadi tano, pamoja na kubadilisha magazeti, na kazi imekwisha. Silika ikishiba, irudishe kwenye oveni, nyuzi 120 hivi, kwenye trei ambayo haitarudi tena kupikia chakula. Za buluu zinazogeuka pinki mara nyingi zina kobalti, kwa hiyo zikae mbali na watoto. Mchele mkavu ambao watu hupendekeza usijisumbue nao, ni dhaifu.

Pasi ni ya majani zaidi kuliko maua. Moto wa chini, bila mvuke, jani likiwa katikati ya karatasi mbili: kandamiza sekunde kumi, inua, acha lipoe, rudia. Usiisukume pasi kama unapiga shati. Mwenye pasi ya mkaa aniamini, joto lake halidhibitiki kwa kazi hii. Maikrowevu inafaa kama una haraka: ua kati ya tishu, tishu kati ya vigae viwili vya kauri visivyo na urembo wa dhahabu wala chuma, sekunde 20 au 30, fungua mvuke utoke, rudia. Ukizidisha unapata unga.

Limekauka kweli?

Macho hudanganya. Lishike ua kwa kibano kwenye ukingo, liguse mdomo wako wa juu. Likiwa na ubaridi, bado lina maji. Likiwa halina joto wala baridi, kama kugusa karatasi, limekauka. Jaribio la pili ni kuliinua kwa ncha: likisimama wima bila kuinama, sawa. Usihamishie ua kwenye picha kwa kubahatisha, maana moja bichi litaharibu mengine yote chini ya kioo.

Yaliyo tayari yatie kwenye bahasha za karatasi, bahasha ndani ya mfuko wa zipu pamoja na kipakiti cha silika, mfuko gizani. Watu wa oshibana huweka akiba ya misimu kadhaa, kwa rangi na kwa ukubwa, ili siku ya kupanga picha wawe na cha kuchagulia.

Kazi ya kwanza: shiori

Usianze na picha ya ukutani. Anza na shiori, kialamishi cha kitabu, kwani hapo unajifunza gundi na nafasi kwa gharama ya kadi moja.

Kata kadi nene ya sentimita 5 kwa 15. Mwaga maua machache kwenye sahani nyeupe. Sasa panga bila gundi, na hapa ndipo Ujapani wenyewe unapoonekana. Mkono wetu wa kwanza hutaka kujaza: ua katikati, majani kulia na kushoto kama shada la meza kuu ya harusi. Wao huacha. Sehemu isiyo na kitu wanaiita yohaku, na inahesabiwa kuwa ni sehemu ya picha. Jaribu hivi: kikonyo kimoja kilichopinda kianzie pembe ya chini kushoto, kikipanda mpaka theluthi mbili ya kadi. Ua moja kubwa kidogo, si kwenye ncha bali chini yake. Tumba moja juu. Jani moja likitoka kando ya chini. Idadi iwe witiri, tatu au tano. Upande wote wa juu kulia acha wazi, hata kama vidole vinakuwasha. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa kitu, kwa sababu feni au chafya moja inatosha kukurudisha mwanzo. Na feni, kwa kweli, izime.

Gundi nyeupe ya mbao, tone moja kwenye kifuniko cha soda. Chovya kijiti cha meno, gusa nyuma ya ua katikati tu, tone la ukubwa wa kichwa cha pini. Ukipaka ua zima, linajikunja na gundi inavuja kupitia petali. Anza na vilivyo chini, yaani kikonyo na jani, kisha ua, ukitumia kibano na kushusha taratibu.

Juu yake Wajapani hufunika kwa karatasi nyembamba ya washi. Washi hutengenezwa kwa nyuzi za gome, zaidi za mti uitwao kozo, na ufundi wake uliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Ile nyembamba kupita zote ni tengujo ya mkoa wa Kochi: iko inayopungua gramu mbili kwa mita ya mraba, na makumbusho huitumia kukarabati nyaraka za kale. Ukiipaka gundi iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, karibu ipotee, ua likabaki kama linaonekana chini ya maji tulivu. Mbadala wa nyumbani ni tishu ya safu mbili: ibandue kwa makini ibaki safu moja, ilaze juu ya maua, gusisha gundi kwa brashi laini kuanzia katikati kwenda nje, bila kusugua. Zambarau zinaweza kuchuja kidogo, kwa hiyo maji yasizidi. Ikikauka, kata kingo, toboa juu, pitisha uzi.

Picha ya ukutani

Ukishatengeneza shiori kumi, nenda kwenye fremu. Mandhari ya nyuma unaweza kuipaka kwa chaki laini za rangi, ukizisugua kwa pamba, ndipo upange vitu vya mbali kwanza na vya karibu mwisho. Waridi linaundwa upya kuanzia nje: petali kubwa tano kwa duara, za kati zikipishana, nusu ya tumba katikati.

Kinachoitofautisha picha ya miaka mingi na ya miezi mitatu ni namna ilivyofungwa. Mafundi wa Japani huiziba kabisa: kioo kinagusa maua moja kwa moja, nyuma yake huwekwa karatasi ya kukausha na kifyonza oksijeni, kisha karatasi ya alumini, na hewa hunyonywa. Kwako, safisha kioo na ukikaushe, laza picha juu yake, nyuma weka sponji nyembamba ili maua yabanwe kioo, kipakiti bapa cha silika iliyokaushwa siku hiyo hiyo, karatasi ya alumini ya jikoni iliyofunika mgongo wote, na ukingo wote uzibwe kwa utepe wa alumini wanaotumia mafundi wa viyoyozi. Fanya kazi hii siku ya jua kali, hewa kavu. Ining'inize ukuta usiofikiwa na jua, mbali na jiko na bafu. Mwanga ukiipiga kila siku itapauka hata ukiiziba vipi.

Mwisho, nyuma ya fremu andika kwa penseli jina la ua, siku na mahali ulipolichuma. Tomitaro Makino, mwanabotania aliyezaliwa Kochi mwaka 1862 na kufariki mwaka 1957, alibana mimea maisha yake yote na kuacha sampuli zipatazo 400,000. Nyingi zilikutwa bado zimelala ndani ya magazeti bila lebo, na waliozirithi walitumia miaka wakipekua shajara zake kujua kila jani lilitoka wapi.